Wa Kwanza Kuingia, wa Kwanza Kutoka

Kila mwaka, hapa Homa Bay ninapofundisha kemia, hufika siku ambayo msichana mmoja hunyoosha mkono na kuniuliza kuhusu potasiamu. Huwa namtambua hata kabla hajafungua mdomo, kwa jinsi anavyokunja uso kama mtu aliyerudishiwa chenji pungufu. Potasiamu ina elektroni kumi na tisa. Ngazi ya kwanza inachukua mbili, ya pili nane, ya tatu nane, na ile moja iliyobaki inaruka kwenda ngazi ya nne. Lakini kitabu hichohicho kimesema ngazi ya tatu inaweza kubeba kumi na nane. Sasa mwalimu, ananiuliza, kama huku ndani bado kuna nafasi, huyu wa mwisho anakimbilia nini huko nje?

Ni swali zuri, nami hulijibu. Mimi nilipoliuliza sikujibiwa. Nilitukaniwa mama.

Nimezaliwa katika boma la wake wawili huko Nyatike, mwendo mfupi kutoka Macalder. Anayeyajua maboma ya Wajaluo hahitaji ramani. Nyumba ya mke wa kwanza, mikayi, inatazamana na lango moja kwa moja. Ya mke wa pili, nyachira, inakaa pembeni. Mama yangu alikuwa nyachira. Katika boma kama hilo kila jambo lina foleni, na foleni kuu kuliko zote ni ya mbegu. Mikayi ndiye anayetoa mbegu kwanza. Mume analala kwake, asubuhi mikayi anapanda, na baada yake ndipo mke wa pili anaruhusiwa kugusa jembe. Anayempita mwenzake ameleta chira, na chira ni laana isiyo na huruma, inaweza kumwangukia mtoto, mfugo au mwenye boma mwenyewe.

Desturi hiyo haina ubaya ikiwa mikayi ana moyo. Wetu hakuwa nao. Nilimwita mama mkubwa kama heshima inavyotaka, na kimoyomoyo nilimwita majina ambayo hayaandikiki. Alikuwa mnene, msafi, mwenye sauti laini, na aliijua thamani ya kukawia. Baba naye alikuwa mtu wa kuvuta watu kwake bila kusema lolote. Sote tulimzunguka. Hakuwahi kuinua sauti kwa sababu hakuwahi kuwa na haja nayo.

Mwaka ule mvua ilikuja vizuri, na mikayi akakataa kupanda. Kisa chake kilijulikana na kila mtu: baba alikuwa amelala nyumbani kwa mama yangu zaidi ya zamu yake. Hakugomba. Alisema tu kwamba mgongo unamuuma. Kesho yake mbegu zilikuwa hazijapepetwa. Keshokutwa akaenda kumtazama dada yake aliyekuwa mzima kama kengele. Mashamba ya majirani yakaanza kutoa majani, yetu yakabaki mekundu na wazi, na mvua ikipiga bure.

Mama alienda kwake kuomba radhi. Alinunua sukari na sabuni kutoka Sori, akapiga magoti mlangoni. Mikayi aliipokea sukari, akaipokea na sabuni, akasema mgongo bado.

Asubuhi moja nilikuwa nafagia nyuma ya ghala nikamwona baba akimimina mtama kwenye kikapu cha mama. Alimwambia apande kile kipande cha karibu na mto, ambako mikayi hafiki. Mama alimuuliza kama ana hakika. Baba akamwongezea mtama. Kwake hiyo ilikuwa hotuba.

Mama akapanda. Lakini mtama si siri ya kufichwa. Uliota, ukapendeza, ukafika goti, na siku moja mikayi, ambaye mgongo wake ulikuwa umepona ghafla, akashuka mtoni kuchota maji kwa mara ya kwanza tangu niijue sura yake. Alirudi na ndoo tupu. Jioni hiyo wazee wa ukoo walikuwa wamekwisha kuitwa.

Walikaa uani wakanywa chai ya mikayi, tamu kwa sukari ya mama yangu. Mzee mmoja akamuuliza mama ni nani aliyemruhusu kutoa mbegu. Mama akamtazama baba. Sote tukamtazama baba. Nilikuwa na hakika kwamba atasema, kwa maana lilikuwa ni neno moja tu.

"Mimi sikumpa mbegu," baba akasema.

Nilisimama nikasema alimpa, mimi niliona, pale ghalani. Wazee wakageuka kunitazama kama watu wanaomtazama mbwa aliyeingia kanisani. Na mama yangu, mama yangu mwenyewe, akacheka kidogo na kusema mtoto huyu huota hata mchana.

Nilimchukia kwa jambo hilo muda mrefu. Baadaye ndipo alipoweza kunieleza. Ikibainika kwamba mke amekiuka foleni, chira inakaa juu ya mke. Ikibainika kwamba mume mwenyewe ndiye aliyeivunja, chira inashuka kwa damu yake, na damu yake ilikuwa mimi. Mama alikuwa akiamini hivyo, kwa hiyo alichagua. Baba naye aliyajua hayo yote, tena aliyajua kabla hajamimina mtama.

Hukumu ilikuwa nyepesi kwa maneno. Mtama uharibiwe, mikayi apande, halafu mama ndipo apande upya. Ng'ombe wakafunguliwa waingie shambani. Mikayi alikuja na kigoda akaketi ukingoni kutazama, mikono juu ya magoti, kama mtu aliye harusini. Ng'ombe walikula kwa pupa. Hawakukaa sana kabla ya fahali wa kulimia, yule mwekundu ambaye baba alimpenda kuliko alivyotupenda sisi, kuanza kuhema kwa nguvu. Akayumba, akapiga magoti, akaanguka ubavu, mdomo ukitoka povu. Wenzake walifukuzwa haraka na wakapona. Yeye hakuamka tena.

Hapo hukumu nyepesi ikaisha. Chira ilikuwa imeonekana kwa macho, imelala pale na miguu minne. Mama aliambiwa aondoke. Mabati ya nyumba yake yakashushwa yakapelekwa jikoni kwa mikayi, kuta zikaachwa zinyeshewe. Mimi nilibaki, kwa kuwa mtoto ni wa baba. Nilihamia kwa mikayi, na huko nilikula mwisho, kile kilichoganda chini ya sufuria, na ninamshukuru kwa kunifundisha kutochagua chakula. Yeye akapanda siku chache baadaye, ardhi ikiwa imeanza kukauka. Aliambulia karibu patupu. Baba aliswaga ndama hadi Ogwedhi mnadani ili tupate mahindi ya kununua, na hakuna mzee aliyekuja kunywa chai wakati huo.

Mama alikwenda Macalder. Alipanga chumba karibu na machimbo, akawa anaponda mawe na kuyaosha majini kutafuta chembe za dhahabu. Nilimtembelea nikipata nafasi. Alikuwa na vumbi hadi kwenye kope.

Basi, swali langu. Nilikuwa kidato cha pili katika shule ya kutwa, shule ambayo kila mtu alijua kila mtu ametoka boma gani. Mwalimu wetu wa kemia alikuwa kijana mtanashati mwenye viatu vilivyochongoka, na alikuwa ameoa mpwa wa mikayi. Aliandika ubaoni mpangilio wa potasiamu: mbili, nane, nane, moja. Nilinyoosha mkono. Nikamuuliza kwa nini isiwe mbili, nane, tisa, maadamu ngazi ya tatu haijajaa.

Alinitazama, akaweka chaki chini taratibu. Nadhani hakujua jibu. Mtu asiyejua jibu ni hatari kuliko nyoka aliyekanyagwa.

"Hiyo swali kaulize mamako," akasema. "Si yeye ndiye anajua kuruka laini?"

Darasa lilicheka hadi madawati yakasogea. Wasichana niliokuwa nawapa kalamu zangu walicheka. Mwalimu alingoja kicheko kiishe, akachukua chaki, akaendelea na kalsiamu. Kuanzia siku hiyo jina langu shuleni lilikuwa Potasiamu. Nilikaa nalo hadi kidato cha nne, na nilipoongoza shule nzima katika kemia waliandika Potasiamu kwa makaa kwenye ukuta wa choo, nadhani kama pongezi.

Jibu nililipata chuo kikuu, na nililipata kwa hasira, nikisoma kama mtu anayetafuta mwizi. Ndiyo maana nalifundisha vizuri.

Kwanza ondoa kichwani ile picha ya elektroni kama shanga inayozunguka. Elektroni ni kama wimbi lililotanda. Haipo mahali pamoja, iko kidogo hapa na kidogo pale, na hesabu ndiyo inayotuambia ni wapi imejaa na ni wapi haikanyagi kabisa. Kila ngazi ina vyumba, na vyumba havifanani. Kuna chumba kiitwacho s, na wimbi lake, hata likiwa limetanda mbali sana, lina sehemu ndogo inayopenya hadi kwenye kiini chenyewe. Kuna chumba kiitwacho d, na wimbi la d kiini halikifikii kabisa. Kwa hiyo ile elektroni ya potasiamu ina njia mbili mbele yake. Ikikaa 3d, iko ngazi ya ndani kwa hesabu, lakini waliotangulia wamesimama kati yake na kiini. Ikikaa 4s, iko ngazi ya nje, lakini ina kichochoro cha kupita katikati yao na kumgusa mwenye boma. Inachagua kichochoro.

Nilipolielewa hilo nilifunga kitabu nikatoka nje kupunga upepo. Baba alikuwa amezidisha siku zake nyumbani kwa mama. Aliyekuwa pembeni kwa cheo ndiye aliyekuwa na njia ya kumfikia. Mikayi alilijua hilo kabla yangu, na hakuhitaji chuo kikuu.

Kuna neno tunalotumia hapa, kinga. Elektroni za ndani huzikinga zile za nje. Wanafunzi husikia kinga wakadhani ni jambo jema, maana chandarua ni kinga na chanjo ni kinga. Nami huwasahihisha mapema. Kwenye atomu, kukingwa ni kunyimwa. Waliokaa ndani wanaupunguza mvuto wa kiini usikufikie wewe uliye nje. Ukishuka chini katika safu ya kwanza ya jedwali, lithiamu, sodiamu, potasiamu, kila moja ina tabaka moja zaidi la wakingaji, atomu inanenepa, na yule wa nje anakuwa rahisi kunyang'anywa. Ndiyo maana lithiamu ukiitia majini inachemka tu kwa utulivu, na potasiamu inawaka moto. Na ukienda kando, kutoka kushoto kwenda kulia, atomu zinasinyaa, kwa sababu kila hatua kiini kinaongeza protoni, na elektroni inayoongezwa inakaa na wenzake wa nyumba moja. Watu wa nyumba moja hawakingani vizuri. Wote wanavutwa sawa, wanabanwa katikati, na hakuna anayeweza kuondoka. Walioolewa na ndugu wawili katika boma moja hulielewa fundisho hili haraka.

Lakini sehemu iliyonitia baridi ilikuja baadaye. Mhadhiri alitufundisha kinachotokea atomu zinapoporwa elektroni. Chukua chuma. 4s yake imejaa, 3d yake ina sita. Ukikipora chuma, ni zipi zinazotoka kwanza? Tulisema sote kwa sauti moja: zile za mwisho kuingia, za 3d. Hapana. Za 4s. Maana 3d inapoanza kukaliwa na kiini kinapozidi nguvu, 3d huzama, inakuwa ya ndani kweli, na 4s, pamoja na kichochoro chake, inabaki imetanda nje. Mwizi akija anamkuta yeye mlangoni. Mhadhiri alicheka akasema tulikariri hivi: wa kwanza kuingia, wa kwanza kutoka.

Darasa likaandika. Mimi sikuandika, sikuhitaji.

Halafu kuna yule fahali. Mtama mchanga, ule wa kufika goti, una sumu. Mnyama akiula, tumboni mwake hutoka sianidi. Kila mfugaji mwangalifu anajua kutowapa ng'ombe mtama mchanga, wazee wale walijua pia, lakini siku hiyo walikuwa na hamu ya kutekeleza hukumu kuliko kufikiri. Na sianidi inaua vipi? Inakishika chuma kilichomo ndani ya chembe za mwili, chuma ambacho kimekwisha kupoteza elektroni zake za 4s, na kikishikwa hivyo mwili hauwezi kutumia hewa unayoivuta. Nilisoma ukurasa huo nikacheka peke yangu maktabani hadi mlinzi akanifuata. Hata ndani ya fahali, aliyefukuzwa alikuwa ni yuleyule.

Nilikwenda Macalder kumwambia mama. Nilifikiri nimembebea haki yake. Alikuwa amekaa mbele ya kinu akikung'uta vumbi kwenye leso, kikohozi chake kikiwa tayari kimeanza. Nilimweleza sumu ya mtama. Akasema alijua tangu siku ile, nani asiyejua. Nikamweleza potasiamu na chuma, nikichora chini kwa kijiti, kwa Kijaluo changu chote. Alisikiliza vizuri, kisha akauliza jambo moja.

"Na akishatolewa, ile nafasi yake inabaki?"

Nikamwambia inabaki. Hesabu inasema chumba kipo hata kikiwa kitupu.

"Basi waiangalie," akasema, "kama inawapikia."

Mama yangu alikufa mwaka juzi kwa kifua kile, mwanzoni mwa mvua. Nilikuwa nimepanga kumzika Macalder, penye watu waliomjua. Kabla sijamaliza kuongea na mchimba kaburi, ujumbe kutoka nyumbani ulikuwa umefika. Mke hazikwi nje ya boma la mume. Akizikwa nje, chira. Akiwa hai walimfukuza kwa ajili ya chira, na akiwa maiti walimtaka kwa ajili ya chira, na hawakuona haya kulitumia neno hilohilo mara mbili. Tena walitaka haraka. Mvua ilikuwa imeanza, na boma haliwezi kutoa mbegu na maiti ya mke iko nje haijazikwa.

Niligoma. Nikaambiwa binti hana sauti katika mazishi ya mama yake, na gari la kumchukua likaja na watu wanane wenye mabega.

Kulikuwa na shida moja. Mke huzikwa kando ya nyumba yake, na nyumba ya mama haikuwepo. Basi wakaijenga. Miaka yote ile hapakupatikana mti mmoja wa kumrudishia paa, na siku ile kabla ya jua kuzama nyumba ilisimama, miti mibichi, udongo unaochuruzika, na juu yake mabati. Niliyatambua mabati. Yalikuwa meusi kwa moshi wa jiko la mikayi. Mlango waliuweka bila bawaba, wakauegemeza tu. Nafasi ilikuwepo, hesabu haikukosea.

Mikayi, mzee sasa, aliletewa kigoda kilekile. Alisema kwa sauti yake laini kwamba marehemu alikuwa mtu wa haraka maisha yake yote, basi na leo asitucheleweshe. Watu walicheka kwa adabu. Nilimtakia mauti palepale, na sijaibadilisha dua hiyo.

Baada ya kuzika, watu wakienda kunawa mikono, baba alikuja akasimama karibu yangu. Alikuwa amepungua sana. Aliitazama ile nyumba ya uongo, akasema kwa sauti ya chini, "Mbegu nilimpa mimi."

"Najua, baba. Niliona. Waambie."

Wazee walikuwa pale, hatua chache tu, wanapanguza mikono. Baadhi yao walikuwa walewale. Baba alifungua mdomo, na kwa mara ya pili maishani nilikuwa na hakika kwamba atasema. Kisha mikayi akamwita kutoka mlangoni kwake, polepole tu, kwamba giza linaingia na mbegu zinatoka asubuhi. Baba akafunga mdomo, akageuka, akaenda kulala kwake.

Asubuhi niliwaona wakishuka shambani, mikayi mbele na kikapu, baba nyuma yake. Vijana walikuwa tayari juu ya nyumba ya mama wanashusha mabati.